Mume ana usingizi wa pono, mtoto ana wiki tatu: nani alale wapi?

SWALI: Shikamoo mama mkunga. Nipo Uyole, Mbeya. Nimejifungua mtoto wa kwanza, ana wiki tatu. Tuna chumba kimoja na kitanda cha tano kwa sita. Mume wangu ni bodaboda, anarudi saa nne usiku, na akilala amelala, mtoto alie vipi hasikii. Juzi nilishtuka nikakuta mkono wake uko juu ya kifua cha mtoto. Tangu siku hiyo silali, nakaa nawaangalia tu. Nikimlaza mtoto pembeni naogopa ataanguka au atapigwa na baridi. Mama mkwe anasema akae katikati apate joto la wote wawili. Nikimwamsha baba yake anisaidie anaitikia "eeh", halafu analala tena, na asubuhi anakataa kwamba nilimwamsha. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa kujifungua salama. Nianze na la usiku wa leo: mtoto atoke katikati. Hilo halisubiri fundi, halisubiri hela, wala halisubiri mpaka mkubaliane na mama mkwe.

Baada ya hapo utulie, maana una mambo mawili na umeyabeba kama moja. La kwanza ni usalama wa mtoto, la pili ni msaada wa baba yake. Usingizi wa mumeo hautapungua kwa kugombezwa, na miezi mitatu ijayo ndipo mnapohitaji usalama na msaada huo zaidi. Kwa hiyo pangeni chumba ili usingizi wake, uwe mzito kiasi gani, usimfikie mtoto. Halafu mpeni kazi katika saa ambazo yuko macho tayari, badala ya kumvuta kutoka kwenye usingizi.

Kwa nini katikati ndipo pabaya zaidi? Kitanda cha futi tano kina upana wa sentimita 152. Watu wazima wawili wakijibana wanachukua zaidi ya mita moja, na kinachobaki kwa mtoto ni kama nusu mita, kila upande pana mtu anayejigeuza. Godoro la sponji nalo hubonyea palipo na uzito. Baba akilala kunatokea bonde, na mtoto wa kilo tatu au nne, ambaye hana nguvu ya kujizuia, anaserereka kuelekea kwenye bonde hilo hadi uso wake unafika ubavuni mwa baba. Mnaweza kulipima hilo mchana. Jaza maji chupa ya lita moja na nusu, ilaze pale anapolala mtoto, mumeo apande kitandani na ajigeuze mara mbili tatu. Mkiona chupa inamfuata, mmeona njia ambayo mtoto anapita usiku.

Na mkono ule uliokushtua haukukushtua bure. Mkono mzima wa mwanaume wa kilo 70, kuanzia begani, una uzito wa karibu kilo tatu na nusu, yaani uzito wa mtoto wako mzima. Mbavu za mtoto mchanga ni laini, na hupumua zaidi kwa tumbo kuliko kwa kifua. Mkono wa aliyelala fofofo ukikaa hapo, hana uwezo wa kuusukuma, na mara nyingi hata kulia hatalia, kwa sababu kulia kunahitaji pumzi.

Wewe unayenyonyesha, kwa kawaida unalala ukimgeukia mtoto, mkono wako juu ya kichwa chake na magoti umeyakunja chini ya miguu yake, na akijinyonganyonga tu unashtuka. Mwingine kitandani halali hivyo, hata ampende mtoto kiasi gani. Mwambie mama mkwe kwa heshima kwamba joto la wazazi mtoto atalipata mchana, mkiwa macho, akiwa ngozi kwa ngozi kifuani kwako au kwa baba yake. Usiku apewe nguo.

Kuna ushauri wa haraka ambao watu watakupa: mumeo alale mzungu wa nne, kichwa chake upande wa miguu yako. Usiufuate kama mtoto yuko kitandani. Mtu mwenye usingizi mzito hurusha miguu pia, na sasa visigino vyake ndivyo vitakuwa usawa wa kichwa cha mtoto.

Leo usiku, basi, tafuta droo ya kabati ichomolewe, au boksi la mbao, au katoni gumu lisilolegea kuta. Vipimo: urefu sentimita 70, upana 40, kina 25 hadi 30. Nchini Finland serikali imekuwa ikiwapa akina mama boksi la vifaa vya mtoto tangu mwaka 1938, na watoto wengi wa kule wamelala humo humo miezi ya mwanzo, kwa hiyo usione aibu wala usihisi mtoto ametupwa. Chini weka kipande cha godoro la sponji ngumu, kimekatwa kulingana na boksi, kisha shuka moja iliyovutwa na kuchomekwa chini yake. Mto usiweke, khanga zilizokunjwa za kumkingia usizungushe, na kitambaa cha kufunika mdomo wa boksi usitumie. Boksi likae sakafuni upande wako, mbali na mlango unaopitisha upepo. Sakafu ya saruji ya Mbeya inatoa baridi ya kweli, kwa hiyo tandika turubai, juu yake mkeka, juu yake blanketi kuukuu lililokunjwa, ndipo boksi. Mezani au kwenye viti viwili vilivyounganishwa usiliweke kabisa, huko ndiko watoto huanguka.

Kama nyumba ina panya, sakafuni hapafai. Hapo mpange hivi: mumeo alale kwenye godoro dogo chini kwa kipindi hiki, boksi liingie kitandani upande wa ukutani, wewe ulale upande wa nje. Kuta za boksi zitamkinga mtoto na ufa ulio kati ya godoro na ukuta, na wewe ndiye utakayekuwa kati yake na ukingo wa kitanda. Wenzetu Wamaori wa New Zealand hufuma kapu la aina hii kwa ajili ya kitandani, mtoto awe karibu na mama lakini ndani ya mipaka yake. Sisi huku tuna wafumaji hodari. Wanaofuma vikapu vya Iringa kwa milulu wanaweza kukutengenezea lenye kitako bapa na kuta zilizosimama, ukiwapa vipimo nilivyotaja. Mdomo wake uwe mpana kuliko kitako, na mishikio ilale nje.

Mumeo kulala chini si ugomvi wa ndoa, na mseme hivyo mapema kabla ndugu hawajaanza kuuliza. Ni mpango wa miezi michache. Asubuhi godoro lake lisimamishwe ukutani, maana likibaki chini kwenye baridi hii linashika unyevu upande wa sakafuni na kuota ukungu.

Kilicho bora zaidi, ambacho kinaweza kufanyika ndani ya wiki moja, ni kitanda kidogo cha pembeni kinachoungana na chenu. Fundi seremala yeyote wa Mwanjelwa au Uyole anakiweza kwa mbao za msonobari zinazoshuka kutoka Mafinga. Mpe vipimo hivi, na usimwachie akisie:

Ndani, urefu sentimita 90 na upana 50. Pande tatu zisimame angalau sentimita 30 juu ya godoro la mtoto. Upande wa nne, unaogusa kitanda chenu, ubaki na ubao unaozidi godoro la mtoto kwa sentimita 12 hivi. Unatosha kumzuia asiserereke na kuzuia blanketi lenu lisiingie kwake, na mkono wako unapita juu yake bila taabu. Fito za pembeni ziachane kwa sentimita 6, zisizidi, kwa sababu nafasi kubwa zaidi inapitisha kiwiliwili cha mtoto na kukwamisha kichwa. Chaga za chini ziwe karibu karibu ili godoro lisizame. Godoro liwe la inchi tatu, gumu, lijae kabisa: ukiweza kuingiza vidole viwili kati ya godoro na mbao, limekuwa dogo. Libonyeze kwa kiganja, uondoe mkono. Alama ya kiganja ikibaki, hilo ni laini mno. Misumari isichungulie ndani, mbao zipigwe msasa, na kama amepaka vanishi kikae nje siku kadhaa mpaka harufu iishe.

Kifungeni kwenye kitanda chenu kwa mkanda usiovutika, sehemu mbili, ukizunguka tendegu au ubavu wa kitanda. Mumeo atataka kutumia mpira wa kufungia mizigo ya bodaboda, kwa sababu uko karibu na anauamini. Mpira huo unavutika. Ukiegemea usiku vitanda vinaachana, unatokea ufa, na mtoto akiteleza humo unaweza kumbana shingo. Kila jioni pitisha mkono kwenye muungano na uhakikishe hakuna ufa.

Mpangilio wenyewe ni huu: ukuta, mumeo, wewe, halafu mtoto kwenye kitanda chake. Utamnyonyesha na kumrudisha bila kumruka mtu, na kati ya mtoto na usingizi wa pono utakuwapo wewe mzima mzima. Mtoto aendelee kulala chumba hicho hicho na ninyi angalau miezi sita ya kwanza. Hilo lenyewe ni kinga.

Alale chali, kila usingizi, mchana na usiku. Akina bibi wengi wanahofu kwamba akicheua chali atapaliwa. Mtoto akiwa chali, njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, na maziwa yanayorudi yanapata shida kupanda kuingia kwenye hewa. Akilala kifudifudi mpangilio huo unageuka. Ubavu nao si salama, anabinuka kirahisi akaishia kifudifudi. Uingereza ilipoanza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka 1991, na Marekani mwaka 1994, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu. Akimaliza kunyonya, mcheulishe na umshike wima dakika 10 hadi 15, kisha mlaze.

Sasa niseme ukweli wa usiku. Kuna siku utamnyonyesha ukiwa umelala, na usingizi utakuchukua naye akiwa kitandani kwenu. Hilo huwatokea akina mama wengi, kwa hiyo kitanda kiandaliwe mapema kana kwamba litatokea leo. Mtoto awe upande wako wa nje, kitanda chake kikiwa kimeungana, kamwe asiwe kati yenu. Mto wako uwe mbali na uso wake. Kila mtu awe na blanketi lake: mumeo la kwake, wewe la kwako linaloishia kiunoni, na juu vaa sweta la kufungua mbele ili mabega yasipate baridi. Blanketi moja zito la futi sita kwa sita mnalovutana ndilo hufunika watoto nyuso, kwa sababu mwenye usingizi mzito akijigeuza analivuta lote. Nywele ndefu zifungwe, mkufu uvuliwe, na mtoto akiwa kitandani kwenu asifungwe kwa khanga mikono ikiwa ndani. Ukizinduka, mrudishe kwake. Na ukihisi unasinzia, heri usinzie kwenye kitanda hicho kilichoandaliwa kuliko kwenye kochi. Kochi ni pabaya kuliko kitanda. Mtoto anateleza kati ya mwili wako na mto wa kochi na hakuna anayemwona.

Lakini kuna hali ambazo hata kwa dakika tano mtoto asilale kitanda kimoja na mtu mzima. Mmojawenu akiwa amekunywa, iwe ulanzi, komoni au bia moja. Mmojawenu akiwa anavuta sigara, hata kama anavutia nje, au kama ulivuta ukiwa mjamzito. Mmojawenu akiwa amemeza dawa inayoleta usingizi: Piriton ya mafua, dawa nyingi za kikohozi za kioevu, Valium, dawa za kifafa. Na kama mtoto alizaliwa kabla ya wiki 37 au chini ya kilo mbili na nusu. Angalia kadi ya kliniki, uzito wa kuzaliwa umeandikwa pale. Watoto hao wana hatari kubwa zaidi, hasa kabla ya kutimiza miezi minne. Masharti haya yanamhusu pia bibi kama atakuja kulala na wewe akupe mapumziko. Bibi anayemeza vidonge vya usingizi na kulala na mjukuu ni hatari ile ile kwa sura nyingine.

Baridi. Najua ndiyo inayokufanya usite, na una haki. Mwezi wa sita na wa saba hapa Mbeya usiku unashuka chini ya nyuzi 10, na Makete na Njombe hali ni kali zaidi. Mtoto anahitaji tabaka moja zaidi ya unavyovaa wewe ndani ya chumba hicho hicho. Kwa usiku wa Julai hiyo ni fulana ya pamba, nguo ya mikono mirefu yenye miguu, soksi, sweta jepesi la kufumwa, kisha blanketi moja. Mlaze chini, yaani nyayo zake ziguse mwisho wa kitanda chake, blanketi limfike kwapani, na pembe zake zichomekwe chini ya godoro pande zote tatu. Hivyo hata akipiga miguu hawezi kushuka na kuingia chini ya blanketi.

Fundi cherehani anaweza kukushonea mfuko wa kulalia, na kwa baridi yetu mimi naupenda kuliko blanketi. Kitambaa kizito cha manyoya mafupi, au blanketi jepesi lililokatwa. Urefu sentimita 70 kutoka begani, chini umezibwa na una nafasi ya kupigia miguu, una matundu ya mikono na zipu mbele. Shingo apimwe mtoto mwenyewe: kidole kimoja tu kipite kati ya kitambaa na shingo. Tundu kubwa linamfanya azame ndani ya mfuko, na hilo ni baya kuliko kutokuwa na mfuko. Kofia ya mfuko, kamba na vifungo vinavyong'oka visiwepo. Kofia ya kichwani, chumba kikiwa baridi kweli na mtoto bado mchanga, iwe nyepesi na ya kukaa sawasawa isiyoteleza usoni. Chumba kikipata joto ivuliwe.

Kujua kama ana baridi au joto, usishike viganja, hivyo huwa vya baridi kwa watoto wengi wazima. Ingiza vidole nyuma ya shingo au kifuani. Pakiwa na vuguvugu na pakavu, yuko sawa. Pakiwa na jasho, toa tabaka moja. Joto kupita kiasi nalo ni hatari usingizini. Pakiwa baridi, mweke ngozi kwa ngozi kifuani kwako, mfunikeni wote wawili, umnyonyeshe. Kipimajoto kikisoma chini ya 36.5 fanya hivyo hivyo mara moja. Unaweza kupasha joto kitanda chake kwa chupa ya maji moto dakika 10 kabla, lakini chupa itoke kabla mtoto hajaingia.

Na jiko la mkaa lisiingie chumbani. Hapa siachi nafasi ya mjadala. Mkaa uliokolea, usiotoa moshi hata kidogo, ndio unaotoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Inashika damu mahali pa oksijeni, na mtoto huathirika haraka kwa sababu anapumua mara nyingi kwa dakika kuliko wewe. Kuacha mlango wazi kidogo hakutoshi. Kama mmekuwa mkiingiza jiko, jiulize pia kama usingizi wa mumeo unatoka huko: hewa hiyo inaleta usingizi mzito usio wa kawaida, kichwa kuuma asubuhi, kichefuchefu, na ukitoka nje dakika chache unapata nafuu. Mkiziona dalili hizo, tokeni nje wote na mwende kituo cha afya hata kama mmejisikia vizuri.

Sasa tuje kwa baba. Anakataa kwamba ulimwamsha, na inawezekana kabisa hadanganyi. Usingizi huenda kwa mizunguko ya karibu dakika 90, na ule mzito kabisa umejaa katika saa za mwanzo. Aliyelala saa tano, kati ya saa tano na saa nane hivi ndipo alipo chini kabisa. Ukimwita hapo, sehemu ya ubongo inaamka kiasi cha kusema "eeh", na sehemu inayotunza kumbukumbu imelala. Asubuhi kwake hakuna kilichotokea. Tena mtu aliyeshinda juu ya pikipiki tangu asubuhi, mwenye deni la usingizi la siku nyingi, huzama zaidi. Kumpa mtoto mtu katika hali hiyo ni hatari: atampokea, atajilaza naye, na hatakumbuka.

Kwa hiyo zamu yake iwe kabla hajalala. Mpango unaofaa kwa ratiba yenu ni huu. Akirudi saa nne, anaoga, anabadili nguo za barabarani, anakula, huku wewe unanyonyesha. Ukimaliza unampa mtoto na unalala papo hapo, hata kama vyombo havijaoshwa. Yeye anamcheulisha, anambadili nepi, anamtuliza, anamlaza kwenye kitanda chake, na anabaki macho mpaka saa sita na nusu. Akae kwenye kiti cha mbao cha kunyooka, taa ikiwaka. Asikae kochini wala asijiegeshe kitandani na mtoto. Mtoto akilala muda wote huo, vizuri, kazi yake ilikuwa kukufanya wewe usisikilize. Saa sita na nusu au mtoto akionyesha njaa kabla ya hapo, anakuletea mtoto mkononi, wewe unanyonyesha, yeye analala. Kutoka hapo usiku ni wako. Asubuhi saa moja anaamka, anamchukua mtoto mpaka saa mbili, wewe unalala tena. Mama mkwe akiwa karibu, mwombe saa tatu hadi saa tano asubuhi, akiwa macho na mtoto mgongoni au mapajani. Ndiyo kazi kubwa kuliko zote anayoweza kukufanyia, na ina heshima yake kuliko kubishana kuhusu katikati.

Hivyo yeye anapata saa sita na nusu za kulala mfululizo. Asipungukiwe hapo, ana abiria mgongoni. Ikiwezekana kwa wiki sita zijazo arudi saa tatu, zamu isogee saa moja nyuma, na wote mtapata zaidi.

Usiku wewe usijaribu kuruka kunyonyesha ili ulale. Mtoto wa umri huu ananyonya mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na homoni inayotengeneza maziwa hupanda zaidi usiku. Usimngoje alie. Akianza kugeuza kichwa, kufungua mdomo, kupeleka ngumi mdomoni, mpe. Mtoto aliyekwisha kulia anachukua muda kushika titi, na ndio unaokumalizia usingizi. Nepi, maji ya vuguvugu kwenye chupa ya chai, na nguo moja ya akiba vikae mkononi kabla hujalala. Taa iwe hafifu, msiongee naye sana.

Zitakuwepo dharura za kumwamsha kweli. Mkubaliane mchana namna yake. Washa taa, mshike nyayo umwite kwa jina, usimtikise kifua huku mtoto yuko mkononi. Akae. Miguu iguse sakafu, hiyo sakafu ya baridi inasaidia. Anawe uso kwa maji baridi. Kisha muulize swali linalohitaji kufikiri, mfano leo ni siku gani na kesho yake ni ipi. "Eeh" si jibu. Akijibu sawasawa akiwa amesimama, bado mpe dakika kama 15 akifanya kazi nyingine, aandae nepi au achemshe maji, ndipo umpe mtoto. Ubongo uliotolewa usingizi mzito hukaa na ukungu muda huo.

Usingizi wake mwenyewe uangaliwe ikiwa anakoroma sana, unamsikia anakata pumzi halafu anashtuka kama aliyekuwa anazama, anaamka na kichwa kinauma, na mchana anasinzia hata akiwa amekaa kijiweni. Hiyo ni dalili ya njia ya hewa kuziba usingizini, ina tiba, na kwa mtu wa pikipiki haifai kusubiri. Aende hospitali aeleze hivyo hivyo, na ataje dawa anazomeza.

Na wewe je? Umesema hulali, unakaa unawaangalia. Mtoto akishakuwa kwenye kitanda chake, jipe usiku tatu nne. Kama bado usingizi hauji hata mtoto akiwa mikononi mwa mtu mwingine, au huzuni, kulia na mawazo ya kutisha vimezidi wiki mbili, waambie kliniki ukienda mahudhurio ya siku ya 28, au nenda kabla. Ukijiwa na wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, nenda leo, na usiende peke yako.

Mtoto akigoma kunyonya au akiwa mlegevu kiasi hajitikisi bila kuguswa, akishikwa degedege, akipumua mara 60 au zaidi kwa dakika moja akiwa ametulia, kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, joto likifika 37.5 na kuendelea au likishuka chini ya 35.5, au viganja na nyayo vikiwa vya njano, mwende kituoni usiku huo huo. Njiani awe ngozi kwa ngozi kifuani kwako, na mumeo aamshwe kwa utaratibu ule ule kabla hajashika usukani.

Karibu na mwezi wa nne ataanza kujigeuza. Siku utakayoona anajiinua kwa mikono au anageuka ubavu mwenyewe, kile kitanda cha pembeni chenye ubao wa sentimita 12 na lile boksi vimeisha kazi. Mwambie fundi tangu sasa akutengenezee upande wa nne mrefu kama mingine, wa kuchomeka, na aweke chaga zinazoweza kushushwa, mtoto akianza kukaa godoro liwe sentimita 50 chini ya ukingo.